Dola 190 za nchi gani? Siku moja ya treni ya mvuke, koala na mvinyo, iliyolipwa kutoka Nairobi

Januari iliyopita mteja wetu mmoja wa hapa Nairobi alitupigia simu na swali ambalo tunaulizwa karibu kila siku. "Nikituma hizi pesa halafu ikuwe ni uongo, mnaweza kunirudishia?" Kwa jinsi alivyokuwa akiongea, tulijua ameshika simu nyingine mkono wa pili, nambari imeshaingizwa, kumebaki PIN tu.

Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 26,010, na hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa mchango wa ndugu watatu, zawadi kwa mama yao. Mama huyo ni mwalimu mstaafu, na wakati huo alikuwa Melbourne, Australia, kwa kifungua mimba wake ambaye ni muuguzi huko. Alikuwa ameenda kumwona mjukuu. Mjukuu alimwona, akambeba, akamwimbia, lakini kufikia wiki ya tatu alikuwa ameanza kusimama dirishani akitazama barabara isiyo na mtu wa kumsalimia. Kijana wake anafanya zamu za usiku na mchana analala. Basi watoto waliobaki Kenya wakaamua: tumnunulie mama siku moja ya kutembea.

Walipata tangazo kwenye Facebook. Safari ya siku moja yenye mwongozaji: basi linakuchukua katikati ya mji asubuhi, unapanda treni ya mvuke milimani, unaona wanyama wa Australia, unaonja mvinyo, jioni unarudishwa. Mvinyo haukumhusu mama, yeye ni wa Woman's Guild na hata soda huichunguza kwanza. Wanyama alisema ameona wa kutosha pale Tsavo akiwa safarini tu. Ila treni ya mvuke! Baba yake alifanya kazi karakana ya reli, na yeye mwenyewe alikulia kota za reli pale Muthurwa, enzi ambazo ulijua saa kwa honi ya injini. Tangu zile injini zilipoondolewa, hajawahi kusafiri nyuma ya injini inayotoa moshi.

Binti ametukubalia tusimulie kisa hiki bila majina. Tumeongeza yale tunayoyajua kuhusu safari yenyewe, na hatufanyi hivyo kwa kupamba hadithi. Katika kazi yetu tumeona kwamba mtu anayejua vizuri kitu anachonunua ni vigumu sana kumuuzia hewa.

Koala aliyekumbatiwa

Wakala wa kwenye tangazo alikuwa na hesabu yake tayari. Safari ni dola 190 kwa mtu. Dola ni shilingi 129. Jumla 24,510. Ongeza 1,500 za "usajili", inakuwa 26,010. Tuma kwa nambari hii, nafasi zilizobaki ni mbili, mwisho ni saa kumi jioni.

Tulimwomba binti atusomee jina lililotokea kwenye skrini baada ya kuingiza nambari. Halikuwa jina la kampuni, na halikuwa hata jina la wakala aliyekuwa akichati naye. Lilikuwa jina la mtu wa tatu kabisa. Wakala alikuwa na jibu: "Huyo ni mhasibu wetu." Hebu fikiria kidogo. Kampuni inayodai kupeleka watu Australia haina Till, haina Paybill, ina mhasibu mwenye laini yake ya simu. Kampuni ya utalii iliyoko Kenya inatakiwa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na kuomba nambari ya leseni hiyo si kukosa adabu. Mwenye nayo huitoa bila kukasirika.

Kisha tukamuuliza picha ya tangazo ina nini. Akasema ina mtalii amemkumbatia koala, mandhari ya Melbourne nyuma.

Hapo tulijua. Melbourne iko katika jimbo la Victoria, na sheria ya Victoria hairuhusu wageni kumbeba koala. Queensland inaruhusu, tena kwa masharti, lakini si Victoria. Safari ya kweli ya kutoka Melbourne itakuahidi kumwona koala, labda kusimama karibu naye ukapigwa picha akiwa juu ya mti wake amelala, maana koala hulala zaidi ya nusu ya siku. Haiwezi kukuahidi kumkumbatia. Aliyeweka picha ile aliiokota mahali akaibandika kwenye bidhaa asiyoijua.

Siku mbili baadaye ukurasa ule haukuwepo tena.

Na swali lake la kwanza? Tulimjibu ukweli, ingawa si jibu linalopendwa. Huduma ya kurudisha pesa ilitengenezwa kwa ajili ya makosa ya kidole: umekosea tarakimu moja, pesa ikaenda kwa mgeni. Hapo ukituarifu mara moja, na kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaweza kuizuia na kufuatilia. Lakini mkora hangoji. Akisikia mlio wa ujumbe anaelekea kwa wakala kutoa, na mengine anayahamisha kwa laini nyingine akiwa njiani. Ukiweka PIN yako kwa hiari kumtumia mtu uliyemkusudia, mfumo unaona muamala halali. Unaweza kuripoti, na uripoti kwetu na kwa polisi, lakini usitume ukitegemea kwamba tutarudisha.

Dola ni jina la ukoo

Turudi kwenye zile 190. Hata kama wakala angekuwa mtu mwaminifu kama mtawa, hesabu yake ilikuwa mbaya, na hili ndilo kosa tunaloliona hata kwa watu wasio na nia mbaya.

Australia wana dola yao. Marekani wana yao. Kanada, Singapuri, Namibia, Zimbabwe, wote wamewahi kuita pesa zao dola, na thamani hazilingani hata kidogo. Tovuti ya kampuni ya Australia ikiandika $190, inamaanisha dola za Australia, kwa sababu wateja wake wengi wako hapo hapo. Sisi Wakenya tukisikia "dola" akili inaenda moja kwa moja kwa ile ya Marekani inayotajwa kwenye taarifa ya habari.

Siku ile dola ya Australia ilikuwa kama shilingi 85. Kwa hivyo 190 mara 85 ni 16,150. Ya wakala ilikuwa 24,510 kabla ya "usajili". Tofauti ya shilingi 8,360 ilikaa ndani ya neno moja ambalo hakuna aliyeuliza. Ukiona alama ya $ peke yake, tafuta herufi zilizo karibu: AUD ni Australia, USD ni Marekani. Kama hazipo, shuka chini ya ukurasa au uliza. Na usiogope kuonekana mshamba. Hata sisi ofisini tuna mwenzetu aliyewahi kukata tiketi ya tamasha akidhani analipa dola moja kumbe analipa nyingine, na yeye hufanya kazi ya malipo kila siku.

Unanunua nini hasa?

Tulimwambia binti aache kwanza mambo ya pesa, atafute safari yenyewe ni ipi. Zipo kampuni kadhaa zinazouza siku kama hii, na sababu ya vitu hivi vitatu kuuzwa pamoja ni ya kijiografia tu. Mashariki ya Melbourne kuna milima ya Dandenong, na reli ya mvuke iko huko. Ukivuka milima kuelekea kaskazini unateremka kwenye bonde la mto Yarra, lenye mashamba ya mizabibu, na ndani ya bonde hilo hilo kuna mji wa Healesville wenye hifadhi ya wanyama. Basi moja linazunguka kote na kurudi kabla ya giza.

Treni inaitwa Puffing Billy. Reli yake ilifunguliwa Desemba 1900 ili kuwahudumia wakulima na wakata mbao wa milimani, na ilijengwa nyembamba ili iwe ya bei nafuu: upana kati ya chuma na chuma ni milimita 762 tu. Reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni milimita 1,000, na SGR ni 1,435. Kwa hivyo usitarajie dude kubwa. Ni treni ndogo inayopinda pinda msituni, inapita juu ya daraja la mbao, na abiria hukaa kwenye mabehewa yaliyo wazi pembeni. Picha zake maarufu ni za watu waliokaa ukingoni mwa behewa wamening'iniza miguu nje, kitu ambacho mwalimu mstaafu angekupigia kelele.

Mwaka 1953 maporomoko ya ardhi yalifunika sehemu ya njia, na mwaka uliofuata serikali ikaifunga. Wananchi walikataa. Mwaka 1955 waliunda chama cha kuihifadhi, wakafukua, wakatengeneza, na mwaka 1962 treni ikarudi kati ya Belgrave na Menzies Creek. Waliendelea kipande kwa kipande hadi mwaka 1998 walipofika tena Gembrook, mwisho wa njia, kilomita 24 hivi kutoka Belgrave. Watu wengi unaowakuta pale na kofia za reli ni wa kujitolea. Wamekuja Jumamosi yao kupaka injini grisi.

Hapa kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa: tiketi yako inakupeleka hadi wapi? Kutoka Belgrave hadi Menzies Creek ni kama nusu saa tu, halafu basi linakuchukua. Hadi Lakeside ni karibu saa nzima. Safari mbili zinaweza kuwa na picha ile ile na jina lile lile, moja ikawa na treni mara mbili ya nyingine. Vivyo hivyo na wanyama. "Wanyamapori wa Australia" inaweza kuwa hifadhi ya Healesville, na inaweza kuwa bustani ndogo ya njiani ambapo unamlisha kangaruu nusu saa na kuondoka. Hakuna ubaya, mradi bei ilingane.

Healesville ni kubwa, na wanyama wake ni wa Australia. Usiende kutafuta simba. Nenda ukamwone platipasi, mnyama anayetaga mayai na kunyonyesha, mwenye mdomo kama wa bata, na dume lake lina mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Ilikuwa Healesville, mwaka 1943, ambapo platipasi alizaliwa akiwa chini ya uangalizi wa binadamu kwa mara ya kwanza. Kuna wombati, mnene kama nguruwe mdogo, ambaye kinyesi chake hutoka kikiwa na umbo la mchemraba. Tumelihakikisha hilo mara mbili kabla ya kuliandika. Na kuna ndege mmoja wa msituni, mwenye mkia kama kinubi, anayeiga sauti yoyote anayoisikia, hata ya msumeno wa injini.

Mizabibu ya kwanza ya bonde la Yarra ilipandwa mwaka 1838. Mashamba hayo yalinawiri, yakafifia kabisa mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe wa maziwa wakachukua nafasi, kisha kuanzia miaka ya 1960 watu wakaanza kupanda tena. Leo bonde linajulikana kwa zabibu za Chardonnay na Pinot Noir, aina zinazopenda baridi. Kuonja si kunywa kwa glasi kama baa. Unamiminiwa kidogo cha kila aina, na kuna chombo cha kutemea ambacho si aibu kukitumia. Faida ya kwenda na basi ni kwamba dereva si wewe. Kikomo cha pombe kwa dereva wa kawaida Victoria ni 0.05, na polisi wao hawana mjadala.

Kwa mtu asiyekunywa, uliza mapema. Bei ya safari hizi huwa imejumuisha kuonja, kwa hivyo mama anayeketi pembeni analipia glasi za wengine. Binti aliandika barua pepe ya mistari miwili, akajibiwa kwamba mama atapewa sahani ya jibini na juisi. Bei haikupungua, lakini angalau alijua.

Kulipa kwenyewe

Safari yao waliinunua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni ya huko, si kwa wakala wa kati. Ndugu wawili walimtumia binti 6,000 kila mmoja, na yeye akaweka zake 6,000. Jumla 18,000. Akatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye apu, ile isiyo na plastiki, inayochota pesa kwenye salio la simu. Ukiijaza nambari za kadi, tarehe na zile tarakimu tatu za usalama kwenye tovuti, unaletewa ombi la kuthibitisha kwenye simu yako. Soma ombi hilo. Lina jina la muuzaji na kiasi. Ukiona jina usilolijua, usithibitishe, hata kama mtu anakuongelesha kwa upole kwenye laini.

Katikati ya malipo tovuti ilimuuliza: unataka kulipa kwa AUD au kwa KES? Watu wengi huchagua KES kwa sababu inaonekana ya nyumbani. Ukweli ni kwamba ukichagua shilingi, muuzaji au benki yake ndiye anayebadilisha, kwa kiwango anachokitaka yeye, na faida yake ameshaiweka ndani. Skrini ilimwonyesha shilingi 17,600. Alichagua AUD, na kilichotoka kwenye salio lake kilikuwa 16,700. Ndiyo, ni zaidi ya ile 16,150 ya hesabu ya karatasi. Kiwango cha kadi huwa juu ya kile unachokiona kwenye intaneti, na lazima uache nafasi kidogo kwenye salio, la sivyo muamala unakataliwa na nafasi inakwenda kwa mwingine. Lakini 900 alizookoa kwa kubonyeza kitufe kimoja si kidogo. Ni nauli.

Kwa anayelipia watu wengi, kumbuka vikomo: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na salio halizidi 500,000. Na usifute ile kadi baada ya kulipa. Kama safari itaahirishwa na pesa zirudishwe, zinarudi kupitia kadi iliyolipa, kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo, na huchukua siku kadhaa za kazi. Kadi ikiwa haipo, tutazitafuta, lakini wewe na sisi tutazeeka kidogo.

Saa sita na nusu usiku

Tulidhani hapo kisa kimeisha. Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi jioni kijana wa Melbourne, akitoka zamu, aliandika kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: Jumamosi watu wa hali ya hewa wanasema digrii 40, na upepo.

Milima ile ni ya mikaratusi, na mkaratusi una mafuta. Februari 2009 mioto ya msituni Victoria iliua watu 173 na kuteketeza vijiji visivyo mbali na Healesville. Kwa hivyo siku za hatari mamlaka ya zimamoto hutangaza marufuku kamili ya moto, na siku hiyo Puffing Billy haivutwi na injini ya mvuke. Inavutwa na dizeli. Treni inakwenda, njia ni ile ile, mabehewa ni yale yale, na masharti ya tiketi yao yalisema wazi kwamba kubadilishwa kwa injini si sababu ya kurudishiwa pesa. Kwa abiria wengine wa basi lile ingekuwa jambo dogo. Kwa binti ya fundi wa reli wa Muthurwa, ndiyo ingekuwa safari nzima imeondolewa.

Masharti yaliruhusu kubadili tarehe bila ada hadi saa 24 kabla ya kuondoka. Basi lilikuwa linaondoka Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Binti akahesabu: basi nina hadi kesho Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, nitaamka niandike barua pepe nikinywa chai. Akatutumia ujumbe kutuuliza kama kubadili tarehe kutamkata pesa tena.

Mhudumu wetu wa zamu ya usiku ndiye aliyeuliza: saa mbili na nusu ya wapi?

Melbourne iko mbele yetu kwa saa saba, na kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili, wakisogeza saa zao kwa ajili ya kiangazi, inakuwa saa nane. Saa mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa kule ni saa sita na nusu usiku hapa, usiku ule ule wa Alhamisi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Alikuwa na saa moja na dakika ishirini, si usiku mzima. Aliingia kwenye tovuti, akaenda kwenye uhifadhi wake, akasogeza tarehe hadi Jumanne, na uthibitisho ukaingia kwa barua pepe saa tano na nusu. Hakukatwa chochote. Angelala, angeamka na tiketi ya dizeli.

Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu malalamiko mengi ya kurudishiwa pesa tunayoyapokea kuhusu safari za nje hayahusu wakora kabisa. Ni ya watu waliosoma sharti sahihi kwa saa ya nchi nyingine.

Jumanne

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mwongozaji alimkuta mama amefika kituoni dakika arobaini kabla ya basi, amevaa koti la kanisani.

Belgrave aliteremka, akaitazama injini, akaenda hadi mbele kabisa kabla ya kupanda. Mwenye kofia ya reli alimuuliza ametoka wapi. Alipotaja Kenya mzee yule akaacha alichokuwa akifanya. Kule wana injini moja ya aina ya Garratt, G42, iliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1920. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichoiundia Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59 miaka ya 1950, kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja duniani, kila moja ikipewa jina la mlima. Mzee alizijua kwa nambari. Mama alizijua kwa sauti. Alimwambia kwamba moja, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na kwamba akija amtafute.

Kisha akamweleza jambo ambalo hata sisi hatukulijua tulipoanza kuandika. Mikaratusi iliyo kila mahali Kenya, hadi tukadhani ni yetu, ililetwa kutoka kwao Australia mwaka 1902 ili ikatwe kuni za kulisha injini za reli ya Uganda. Baba yake ndiye aliyemfundisha hilo. Alikuwa akilisema huku ameshika shina la mkaratusi.

Koala alikuwa amelala. Platipasi alimchukulia dakika ishirini mbele ya kioo chenye giza. Kwenye shamba la mizabibu alikula jibini, akasikiliza maelezo yote, akauliza maswali ya kupogoa mzabibu kuliko wanywaji wote, kisha akaingia dukani.

Alinunua chupa mbili. Aliziweka kwenye sanduku la kupakiwa, maana begi la mkononi lina mipaka ya vimiminika, na forodha yetu inaruhusu abiria lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili za mililita 750 ni lita moja na nusu. Ya tatu ingemletea maswali JKIA. Zilikuwa za mkwe wake wa Nakuru, na binti ametuomba jambo hilo tusiliandike mahali ambapo watu wa Guild watalisoma. Majina, kama tulivyosema, hatukutaja.